Bajeti ya Kwenda Kunyamaza

Tangazo lilinijia kwenye simu saa nne asubuhi, nikiwa nakunywa uji ofisini huku nikisahihisha madaftari ya darasa la nne. Aliyenitumia ni rafiki yangu niliyesoma naye chuo cha ualimu, ambaye chaki aliiacha mapema na sasa yuko kwenye shirika moja Mwanza, anavaa viatu visivyojua vumbi. Lilikuwa na picha ya mwanamke amekaa chini, amekunja miguu na kufumba macho, nyuma yake ziwa na vilima. Juma zima la kutuliza roho, nchi jirani, ng'ambo ya mpaka wa Rusumo. Chini yake rafiki yangu aliandika kwamba alipoliona tu alinikumbuka mimi.

Nilitaka kukasirika nikashindwa, kwa sababu wiki ile ile nilikuwa nimelia nikifuta ubao. Hakuna aliyenikosea, hakuna aliyekufa. Machozi yalianza tu, nikaendelea kufuta hata mahali palipokuwa safi, na darasa zima likadhani ni vumbi la chaki. Nyumbani Runazi nilikuwa na watoto wangu, watoto wa shemeji, duka la mume wangu ambalo jioni linageuka kuwa langu, na shamba la mihogo lisilotambua kwamba mimi nina ajira. Nilikuwa nimechoka uchovu ambao hauishi kwa kulala. Nilitaka mahali ambapo hakuna mtu atakayeniita, hata kwa siku chache, na nilikuwa tayari kulipa.

Mume wangu ni mtu wa duka, na mtu wa duka tangazo analisoma kama ankara. Bei ilikuwa kwa dola. Akaibadilisha kwa simu yake, akarudia hesabu, kisha akavuta kreti ya soda akaikalia. Akaniomba nimsomee hao watu huko wanafanya nini. Nikamsomea. Kuamka alfajiri kwa kengele. Kutembea peku kwenye umande. Kwenda kuchota maji kisimani bila kusema neno. Kupalilia bustani kwa utulivu. Mchana mboga za kuchemsha zisizo na chumvi, jioni juisi peke yake.

"Kwa hiyo tunawalipa," akasema, "halafu unawapalilia."

Nikamweleza kwamba siyo kupalilia kwa kawaida, ni kupalilia kwa kujitambua. Akasema yeye ana shamba Kaniha ambalo halijatambuliwa tangu mvua zianze, na kwangu atachukua nusu ya bei. Umande upo, jembe lipo, na chumvi ataninyima yeye mwenyewe. Nilicheka mpaka nikashika meza ya duka, halafu katikati ya kicheko machozi yakaja tena yale ya ubaoni, na safari hii hayakutaka kukoma. Mume wangu si mtu mbaya. Alifungua pakiti ya biskuti, akaniwekea mbele, akasema basi, niandike hiyo bajeti tuione.

Tukaiandika. Ada ya kituo ilikuwa juu kabisa, ikifuatiwa na nauli na hati ya kusafiria. Kisha yakaja mavazi, kwa kuwa tangazo lilitaka nguo nyeupe za kupwaya, na mimi nguo yangu nyeupe ni ya kwaya na inabana. Sokoni Biharamulo kwenye mitumba nikapata suruali na koti lake, vyeupe pepe, muuzaji akiapa kwamba wazungu wote huvaa hivyo wakitafakari. Mwanangu wa kwanza alipoona mkanda wake aliniuliza tangu lini nimeanza karate. Mwishoni kabisa tukaandika zawadi. Hapo ndipo bajeti ilipovunjika mgongo, kwa sababu mtu wa kwetu hawezi kuvuka mpaka akarudi mikono mitupu. Mama mkwe kitenge, mashemeji vitenge, mwalimu mkuu shati, walimu wenzangu japo kitu cha kunukia. Fungu la zawadi likaipita ada ya kutuliza roho, mume wangu akaanza kukata binamu mmoja mmoja, nami nikimtetea kila anayekatwa.

Kosa nililifanya ofisi ya kijiji. Ili nipate hati ya kusafiria nilihitaji barua ya utambulisho, na mtendaji wetu wa kijiji ni mtu makini, hagongi muhuri kwenye jambo asilolielewa. Aliniuliza ninafuata nini ng'ambo. Nikasema nakwenda kukaa kimya. Akaweka kalamu chini akanitazama kwa huruma.

"Mwalimu, biashara huna," akasema. "Msiba huna. Kusoma ulishamaliza. Anayebaki kuvuka mpaka ni mgonjwa."

Nikakana. Akasema wagonjwa wote hukana mwanzoni, hata baba yake alikana. Akaandika matibabu, akagonga muhuri, akanisindikiza mpaka nje ameshika mkoba wangu. Sasa mke wa mtendaji ndiye mwenyekiti wa jumuiya yetu ya kanisa, na katika nyumba ile habari haijawahi kulala na njaa. Nilipofika nyumbani nikitokea dukani kwetu kuchukua sukari, nilikuta wanawake wawili wamekaa kwenye mkeka uani. Walikuwa wamenitangulia kwangu ili wanipe pole.

Kuanzia hapo sikupata hata dakika ya kuwa peke yangu. Kwetu mgonjwa haachwi. Anajuliwa hali, na anayekuja kumjulia hali hakai kidogo, maana kukaa kidogo ni dharau. Walikuja asubuhi kabla sijaenda shule, wakashangaa kwamba bado naenda shule, wakanisifu kwa ujasiri. Walikuja jioni na unga wa muhogo, maharage, mayai, kuku amefungwa miguu. Mwalimu mkuu alinipunguzia vipindi kisha akaja kukaa nami katika vile vipindi alivyopunguza. Kila mmoja alikuwa na ugonjwa wangu tayari. Mmoja alisema figo, mwingine kizazi, na jirani yetu mfugaji aliyehamia kutoka Shinyanga aliniletea maziwa, akasema kwa sauti ya chini kwamba kule kwao kuna mganga anayemaliza tatizo bila pasipoti.

Niliwaambia siumwi. Niliwaambia wote. Walikuwa wakitikisa vichwa kwa upole na kuniambia ndiyo, mwalimu, hutaumwa kwa jina la Bwana. Wakati huo wageni lazima wanywe chai na wale. Ile pesa tuliyokuwa tumeanza kuitenga kwa ajili ya ukimya ikageuka sukari, ikageuka mchele na mafuta ya kula. Mume wangu mwanzoni alifurahi kuona sukari inavyotoka dukani, mpaka siku alipogundua kwamba mteja ni yeye.

Habari zikafika Mugoma, nyumbani kwetu nilikozaliwa. Mama yangu akashuka kwenye basi na mkungu wa ndizi, na kabla sijamwamkia vizuri alikuwa ameshanitazama macho, ulimi na kucha. Nilimwambia shikamoo, akaitika marahaba huku akitafuta ufagio. Mama yangu ni mzee sana, mgongo umepinda, lakini tangu asubuhi ile jiko lilikuwa lake. Alichota maji, akaosha masufuria ambayo yalikuwa safi, akapika chakula cha wageni wote, akafua hata zile nguo za karate. Kila aliponiona nimesimama alinikaripia nikalale. Nilikuwa nikilala kitandani mchana kweupe, nasikiliza wageni wakinong'ona sebuleni, nasikia mama akipasua kuni, na kwa kweli sijawahi kuchoka kama nilivyochoka wiki ile.

Jumamosi jumuiya ikaja kusali kwangu. Walijaa sebuleni na uani, wanaume kwenye viti, wanawake kwenye mikeka. Baada ya rozari mwenyekiti akaeleza kwamba mwenzetu anavuka mpaka kutafuta uhai wake na hawezi kwenda kama yatima. Beseni likawekwa katikati. Watu wakaanza kutoa, huku wakiimba wimbo ambao mimi nimeuzoea kwenye mazishi. Mama mmoja anayeuza nyanya kando ya barabara alisimama, akafungua fundo kwenye pindo la kanga yake, akatoa noti zilizokunjwa mpaka zikawa kama punje. Namjua yule mama. Najua nyanya zake zilivyooza mvua ile. Alipoinama kwenye beseni nikahisi aibu imenipanda mpaka masikioni.

Nikasimama, nikasema tafadhali wasitoe zaidi. Nikasema sina figo mbovu, sina uvimbe, hospitali sijaenda kwa sababu hakuna kinachoniuma. "Nimechoka," nikasema. "Nimechoka tu. Kule ni mahali pa kupumzika."

Wimbo ukakatika. Katibu wa jumuiya, karani mstaafu anayeiheshimu katiba kuliko kiapo cha ndoa yake, akauliza kama amesikia vizuri. Akasema katiba yetu ina fungu la mgonjwa, ina fungu la msiba na la harusi. Mchovu hayumo. Mtu mwingine akatoa hoja kwamba michango irudishwe. Wa tatu akauliza mayai yatarudishwaje wakati mengine yameshachemshwa. Wanaume wakaingia kwenye mjadala huo kwa moyo wote, wakagawanyika pande mbili, na mume wangu, ambaye kuku wa michango walikuwa tayari tumboni mwake, akajisogeza pembeni.

Katikati ya kelele zile yule mama wa nyanya akanigeukia, akaniuliza kwa sauti ya kawaida huko mtu analala mpaka saa ngapi. Nikamwambia kengele inalia alfajiri, lakini mchana kuna saa nzima ya kulala. Mwingine akauliza nani anapika. Nikasema wanapika wao, wenye kituo. Nani anaosha vyombo? Wao. Watoto je? Nikasema watoto hawaruhusiwi.

Wanawake wakatazamana. Mke wa mtendaji, aliyekuja kuniombea nisife, akasogeza mkeka wake karibu akaniuliza kama waume nao hawaruhusiwi. Nikasema wanaruhusiwa, ila hawaruhusiwi kusema kitu. Akaomba nimwonyeshe ile picha. Simu ikazunguka mikononi mwao, wakimtazama yule mwanamke aliyefumba macho, na hakuna hata mmoja aliyecheka. Mmoja aliikuza picha kwa vidole, akaitazama mikono ya yule mwanamke, jinsi alivyoiacha mapajani bila kushika chochote.

Ndipo tukasikia sauti ya mama yangu. Alikuwa amesimama kwenye mlango wa nyuma, mwiko mkononi, unga umemjaa mpaka kwenye viwiko. Kiswahili chake ni cha sokoni, anakitumia kwa wageni tu.

"Huko kwa kurara," akauliza, "wanapokea na bibi?"

Watu waliangua kicheko, wanaume na wanawake, hata katibu. Nami nilicheka. Halafu nikaona kwamba yeye hacheki. Alikuwa anasubiri jibu. Nikamtazama mama yangu, nikajaribu kukumbuka siku niliyowahi kumkuta amelala mchana, nikarudi nyuma mpaka utoto wangu wote Mugoma, nikapita kwenye misiba, kwenye malaria, kwenye siku aliyojifungua mdogo wangu wa mwisho, nikakosa. Moyo uliniuma kuliko siku ya ubao.

Michango ilirudishwa siku hiyo hiyo, isipokuwa mayai na kuku. Ng'ambo sijaenda, na rafiki yangu wa Mwanza ameacha kunitumia matangazo. Lakini kabla watu hawajatawanyika niliuchukua ule mwiko mkononi mwa mama, nikampa mume wangu mbele ya jumuiya nzima. Aliushika kama mtu aliyekabidhiwa mtoto mchanga wa wengine. Kisha akainuka akaenda jikoni, na mtendaji wa kijiji, aliyekuja na mkewe, kwa sababu hakujua afanye nini, akamfuata.

Nikampeleka mama chumbani kwangu. Alijilaza ukingoni mwa kitanda na kitenge chake kiunoni, miguu ikining'inia nje, tayari kuitwa. Nikamnyanyua miguu nikaiweka kitandani, nikamfuta unga kwenye viwiko. Aliniuliza ugali nani anasonga, nikamwambia. Aliniuliza kama wageni wana maji. Akatazama juu kwenye bati, kisha akaniuliza kwa Kihangaza, lugha yetu ya Mugoma, anatakiwa alale mpaka saa ngapi.

Nikamwambia mpaka atakapoamka mwenyewe.

Akaniuliza kama inaruhusiwa.