Asali Ilipohamia Kijijini

Josepha alikuwa na mtoto wa miaka minne aliyemwita kwa jina, kama shoga yake. "Josepha, umekuja? Umeniletea nini?" Mtoto huyo, Kabula, alimsikia bibi yake akiita hivyo, naye akashika hivyo hivyo. Bibi na mjukuu walikaa kijijini, mbele kidogo ya Kipalapala. Josepha alikaa mjini, Isevya, chumba kimoja na wasichana wenzake wawili, na mwenye nyumba alishasema mapema: watoto hapana. Vyumba vilikuwa vya kugombania, ukibisha unahama. Mtoto wa jirani akilia, Josepha kifua kilimuuma, ingawa maziwa yalishakauka zamani.

Kazi yake ilikuwa kuchuja na kufungasha asali dukani kwa Parvez, mtaa wa Kanyenye. Duka lilijaa madumu mpaka wateja waliingia kwa ubavu. Siku moja Parvez akasema, "Jamani, asali inatoka porini, sisi tunaileta huku ije ibanane na sisi! Tunahamia kijijini, kule kwa kina Josepha." Wenzake walinuna. Josepha alichuchumaa nyuma ya pipa, akalia kwa furaha.

Siku ya kwanza kijijini walianza saa tatu asubuhi, milango wazi, kama walivyozoea Kanyenye. Hawajajaza hata ndoo moja, nyuki hao! Parvez alitimka na kiatu kimoja. Josepha alifika nyumbani jicho limeziba.

"Shikamoo, mama."

"Marahaba. Na hilo jicho?" Aliposimuliwa, Bibi Agnetha alicheka mpaka akakaa chini. "Binti wa mrina asali wewe! Baba yako alikamua kabla jua halijatoka. Hata hilo mji umekusahaulisha?"

Basi wakabadili. Kazi ikawa inaanza alfajiri, nyuki wangali wamelala, na jua likipanda wameshafunga. Mchana Josepha alirudi na usingizi, saa ile ile Kabula anapolala. Akatandika kitanda chake, akaacha nafasi upande wa ukutani.

"Njoo mama, tulale."

Kabula alimtazama, akachukua kanga yake, akaenda kwa bibi. Kesho yake vivyo hivyo. Wiki ikaisha. Josepha aliwasikia wakinong'onezana chumba cha pili, akaona ukuta ule ni mrefu kuliko njia yote ya Isevya.

Mchana mmoja Kabula akasimama mlangoni. "Josepha, mbona unalala peke yako? Huogopi?"

"Naogopa."

"Mwite mama, wewe!" Bibi alifoka kutoka ndani.

"Mwache, mama. Aniite anavyojua."

Kabula akafikiri. "Basi njoo kwa bibi. Ila mimi nalala katikati."

Josepha alibeba mto wake akaenda. Kitanda kilikuwa chembamba, nusu ya mgongo ikabaki nje. Kabula alimgeukia bibi, akampa Josepha kisogo, akasinzia. Kisogo kile kilinukia moshi na jua. Josepha akakisogelea taratibu, asije akamwamsha.