Baridi ya Mbulu

Shemeji yangu, kaka mkubwa wa mke wangu, aliniita maksai, dume aliyehasiwa, mbele ya wanaume wa kitongoji kizima. Mengine yote yaliyofuata yalitoka hapo, na sitaki kujisafisha.

Wiki chache kabla, daktari alikuwa ameniambia nina saratani ya tezi dume. Nilipanda bodaboda kurudi kwetu Endagikot macho makavu kabisa. Hasira ilinikuta nyumbani. Maharage yalikuwa yanachipua, ng'ombe wanacheua, hakuna kilichosita kwa ajili yangu. Nikavichukia vyote. Mke wangu nilimweleza kila kitu, hata ile sindano ya kila miezi mitatu inayozima nguvu za kiume ili ugonjwa ukose chakula. Naye, akitafuta pa kulilia, akamweleza kaka yake.

Ikafika siku ya palizi shambani kwa shemeji. Kwetu jirani akikuita kupalilia huulizi ujira. Mkimaliza mnakaa kunywa pombe yake kwa kata moja ya kibuyu, inazunguka kuanzia kwa mkubwa. Kata ilipokaribia kwangu, shemeji alinyoosha mkono akaipitisha mbele ya pua yangu, akampa aliyekaa kushoto kwangu.

"Huyo mchemshieni chai," akasema. "Maksai hanywi na madume."

Wakacheka. Na mimi nikacheka, na kicheko changu ndicho kinachoniuma hadi leo kuliko chao.

Muda si mrefu shemeji akainuka kwenda haja ndogo nyuma ya uzio. Akarudi. Akainuka tena. Mara ya tatu nilitega sikio: kimya kirefu, matone, kimya, matone. Sauti ile naijua. Nimeishi nayo miaka miwili, nikiisingizia hali ya hewa kama kila mwanaume wa huku juu anavyofanya. Ukikojoa mara kumi, ni baridi ya Mbulu. Kiuno kikiuma, baridi. Hakuna anayekwenda kupima baridi.

Alirudi akisugua viganja. "Baridi ya mwaka huu itatuua, shemeji."

Nilimtazama. Maneno yalikuwa mdomoni: nenda kapime damu, nenda kesho.

"Kweli kabisa, shemeji," nikasema. "Ni baridi."

Wahenga walisema mcheka kilema hafi hakijamfika. Nilikaa na methali hiyo kama mtu aliyefukia viazi anavyongoja mvua. Kila asubuhi nilipita kwake, nikampa shikamoo yake kwa kuwa ni mkubwa wangu, naye akaitikia marahaba, nami nikamkagua. Anashika kiuno. Anaacha jembe anakwenda uzioni. Nilifurahi, na sitasema vinginevyo. Jasho linaloletwa na ile sindano liliponivamia kanisani, na shati likaloa watu wakitazama, nilijituliza kwa kumfikiria yeye. Nilikuwa nimemwandalia hata sentensi ya siku hiyo: Karibu kwenye nira, shemeji. Niliifanyia mazoezi nikiwa nakamua ng'ombe.

Palizi ikapita. Tukavuna maharage, tukavuna mahindi.

Shemeji alikuja mchana mmoja akitembelea fimbo. Mke wangu alikuwa akipepeta maharage uani. Alimwekea kaka yake kigoda, lakini shemeji alishindwa kukaa mpaka tukamshika huku na huku. Alikuwa mwepesi.

"Ni ule wako," akaniambia. "Ila wangu umeshaingia kwenye mgongo. Daktari anasema nimechelewa."

Mke wangu aliacha ungo. Nilingoja sentensi yangu ije. Haikuja.

"Aliniuliza nilianza lini kuona dalili. Nikamwambia toka palizi, labda na kabla, lakini mimi nilidhani baridi." Akanishika goti. "Hata wewe ulidhani hivyo, shemeji. Wewe uliyeugua, na bado ulidhani ni baridi. Si ndiyo?"

Hakuwa ananishitaki. Alikuwa anaomba nimpunguzie lawama ya ujinga wake, awe na mwenzake.

Mke wangu alinitazama. Ameishi nami miaka thelathini na mbili, anajua mimi nasikia nini na ninanyamazia nini.

"Ndiyo, shemeji," nikasema. "Na mimi nilidhani ni baridi."

Shemeji alishusha pumzi, akanishukuru. Dada yake aliinua ungo wake, akahamia upande wa pili wa ua, akaendelea kupepeta akiwa amenipa mgongo.