Upondo Nilioung'oa

Hema tuliazimwa na misheni. Lilikuwa la turubai zito, lilinuka ukungu na mafuta ya taa, na mzigo wake tuligawana mafungu matatu. Turubai alilibeba rafiki yangu wa Kabambare, kwa sababu alituzidi nguvu. Vigingi na kamba alibeba mwenzetu mfupi, akalalamika njia nzima. Mlingoti wa kati, ule unaolisimamisha hema, ulikuwa juu yangu. Ninaanza na mlingoti kwa sababu yote yaliyofuata yalitoka hapo.

Tulikuwa wanafunzi wa shule ya ualimu ya misheni, Kasongo, wakati wa Wabelgiji. Pentekoste ilitupa siku tatu. Padri msimamizi wa bweni alikuwa amesoma habari za vijana wa Ulaya wanaokwenda kulala porini kwa hiari yao, akaona jambo hilo lingetufaa na sisi. Mama yangu alipolisikia alishika kiuno. "Mutalala inje? Nyumba imewakosea nini?"

Padri alinikabidhi mimi karatasi ya ruhusa, kwa kuwa nilikuwa mkubwa wao na Kifaransa changu kilikuwa safi. "Jumatatu, kabla ya kengele ya jioni," alisema. "Asiyekuwepo, afunge sanduku lake." Hakuwa mtu wa kutania. Baada ya Noeli alikuwa amewafukuza wawili kwa kuchelewa siku moja.

Kwangu mimi, mtoto wa Kasongo, kengele ile ilikuwa kengele tu. Kwa yule wa Kabambare ilikuwa jambo jingine. Baba yake, mkulima wa Kibangubangu, alikuwa amemsindikiza shuleni kwa miguu siku nne, na kwao hakukuwa na mtu mwingine aliyeweza kusoma barua. Daftari zake alizifunga kwa majani makavu ya migomba zisilowe. Nilijua haya yote. Kitanda chake kilikuwa karibu na changu.

Tulifika mto Lualaba Jumamosi alasiri. Pale bandarini tulimkuta mzee mvuvi akishona wavu, na mitumbwi yake miwili, mkubwa na mdogo.

"Watoto wa misheni," alisema, "muko na vitanda kule, munakuja kulala kwa mamba?"

"Mamba iko, baba?" aliuliza yule mfupi.

"Iko. Lakini watu wafupi haiwapende. Wanabakia mu meno."

Tulicheka hadi mzee mwenyewe akaacha wavu. Alikubali kutuazima mtumbwi mdogo, tuvuke hadi kwenye fungu la mchanga lililokuwa limeanza kutokeza maji yakipungua. Lakini kwanza alituonyesha tundu lililotobolewa kwenye pua ya mtumbwi, na upondo, ile fito ndefu ya kusukumia.

"Hapa kwetu hatufunge kamba. Upondo unapita humu mu tundu, unaingia mu muchanga, chini kabisa. Maji ikipanda, mutumbwi unapanda juu ya upondo. Ikishuka, unashuka. Mutu akitoa upondo, ametoa mutumbwi. Mumesikia?"

"Tumesikia, baba."

Kule mchangani tulilitandaza turubai, wenzangu wakanitazama. Ndipo nilipokumbuka. Asubuhi nilikuwa nimeusimamisha mlingoti nyuma ya mlango wa bweni ili nijitazame kwenye kioo na kofia yangu mpya. Nikaondoka na kofia.

Yule mfupi alipiga magoti mchangani kwa kicheko. "Mukubwa wetu! Kofia ndiyo itasimamisha hema?"

"Tulale tu inje, yaya," alisema wa Kabambare. Aliniita yaya kwa sababu nilimzidi umri. "Mvua hakuna."

Alisema kweli. Lakini nilikuwa mkubwa wao, mwenye karatasi na mwenye Kifaransa, na kicheko kile kiliniuma. Palikuwa na matete tu pale, hakuna mti. Nikaenda majini nikaung'oa upondo, nikafunga mtumbwi kwa kamba kwenye kigingi cha hema, kwa fundo nililojifunza katika kitabu cha Kifaransa.

"Yaya, muzee alikataza."

"Wewe wa milimani, muto umeuona leo. Utanifundisha mimi?"

Hema lilisimama vizuri sana juu ya upondo wa mzee.

Nisiseme uongo: jioni ile ilikuwa tamu. Tulichoma samaki, tukapika ugali wa muhogo uliojaa mchanga, na yule mfupi akamwigiza padri akiwahubiria viboko wa Lualaba. Chungu chetu kilikuwa kimebaki mtumbwini. Tulimtuma wa Kabambare akakilete, akarudi nacho akisema, "Kigingi kinacheza."

"Kula kwanza," nilimwambia. Tukala, tukalala.

Kulipokucha mtumbwi haukuwepo. Huko juu mvua ilikuwa imenyesha, maji yalikuwa yamepanda kiasi cha shubiri moja tu. Kwa upondo shubiri moja si kitu, lakini kigingi cha mchangani kilikuwa kimekwenda na kamba yake na fundo langu.

Tulipiga kelele hadi tukamwona mzee akisukuma mtumbwi mkubwa kuja kwetu. Hapo nilifanya jambo ambalo sikulifanya kwa kusahau. Nililiangusha hema haraka, nikautoa upondo, nikaulaza ukingoni mwa maji, kama vile mtu aliutumia akashindwa kuuchomeka. Wenzangu waliniona.

Mzee alishuka, akauinua upondo, akaupapasa toka juu hadi chini.

"Mukavu," alisema.

Alingoja. Nilitazama turubai lililokuwa miguuni pangu. Hatimaye akauliza swali ambalo wavuvi wa pale huuliza mtumbwi unapopotea: nani aliugusa mwisho? Kwa desturi yao, mkono wa mwisho ndio unaokwenda na mwenye mtumbwi kuutafuta, na haurudi kwao kabla mtumbwi haujaonekana.

"Ni mimi, baba," alisema wa Kabambare. "Nilienda kuchukua chungu."

Aliulizwa nani aligusa mwisho, akajibu. Nani aling'oa upondo, hakuulizwa. Hilo lilikuwa langu kulisema, na mzee alikuwa amenipa nafasi ya kulisema.

Alituvusha. Pale bandarini, kabla yeye na mzee hawajashuka na mto kuelekea Nyangwe, rafiki yangu alinishika mkono. Hofu ilikuwa machoni, si katika sauti.

"Yaya, utamuambia mupe," alisema. Mupe ndivyo tulivyomwita padri.

"Nitamuambia."

Jumatatu tulifika kabla ya kengele. Padri alihesabu kwa macho. "Watatu walikwenda."

"Mmoja alibaki na wavuvi, mupe."

"Kwa nini?"

Yule mfupi alinitazama. Angeweza kusema, lakini hakuwa yeye aliyeahidi.

"Sijui, mupe," nilisema.

Kuingia bwenini nilipita karibu na mlingoti. Ulikuwa bado umesimama nyuma ya mlango.

Alirudi Alhamisi, midomo imepasuka kwa jua. Mtumbwi walikuwa wameuona katika matete, mbali chini ya Nyangwe. Sanduku lake lilikuwa nje ya mlango, daftari zikiwa juu, zimefungwa kwa majani yake ya migomba. Nilikuwa darasani. Nilimwona kwa dirisha akijitwika sanduku kichwani. Hakuelekea njia ya Kabambare. Alielekea mtoni.

Mimi nilimaliza, nikawa mwalimu. Miaka kadhaa baadaye, Wabelgiji wakiwa bado wapo, nilitumwa kwenye shule moja ng'ambo ya mto, nikafika bandari ya Nyangwe. Mvushaji alikuwa yeye, mabega mapana, na mtoto wake amekaa nyuma ya mtumbwi.

"Mwalimu, angalia muguu, iko utelezi," alisema, kama anavyosemeshwa mgeni yeyote. Hakuniita yaya.

Katikati ya mto alisema, bila kugeuka, "Ile Jumatatu tulikuwa hapa hapa. Nilimuomba muzee tungoje hata jioni. Niliwaza utakuja na mupe."

Nilikuwa na nafasi nyingine. Mto ni mpana pale, nafasi ilikuwa ndefu.

"Njia ilikuwa mbaya siku zile," nilisema.

Alisukuma mara mbili, tatu. "Njia ilikuwa mbaya," aliitikia. Tulipofika ng'ambo alipitisha upondo katika tundu, akaukandamiza mchangani kwa uzito wa mwili wake wote, akautikisa kuona kama umeshika. Kisha akanipa mkono nishuke.

Mwaka jana nilisikia kwamba amefariki. Mtoto yule aliyekaa nyuma ya mtumbwi bado yupo Nyangwe, mtu mzima sasa, na siku hizi ndiye anayevusha. Magoti yangu hayafiki huko tena, kwa hiyo karatasi hii nampelekea yeye. Baba yako hakupoteza mtumbwi wa mtu. Upondo niliung'oa mimi, nikaulaza ukingoni mimi, na padri alipouliza, aliyesema sijui ni mimi.