Spika Niliyompelekea Mama Mkwe

Jamani, hii aibu nimeibeba miaka mingi, na kila nikidhani imezeeka anatokea shemeji mmoja kwenye harusi ama matanga anaianza upya mbele ya wageni, kwa hiyo leo acha niisimulie mwenyewe, angalau kwa mdomo wangu nitahurumiwa kidogo.

Wakati huo nilikuwa kinyozi pale Migori mjini, kijana mwembamba mwenye viatu vilivyochongoka mbele, na nilikuwa nimempenda Awino, binti wa watu wa Lambwe huko Homa Bay, aliyekuwa akisomea ualimu pale pale mjini. Tulikuwa tumeelewana kila kitu, ikabaki tu kwenda kwao kwa ayie, ile siku ambayo kwetu Wajaluo mwanamume anampelekea mama wa msichana zawadi ili mama mwenyewe atamke kwamba amekubali. Shangazi yangu aliyenilea alinielekeza vizuri: blanketi nzito, leso, sukari, na mdomo ufungwe, kwa sababu ukweni anayezungumza ni jagam, yaani mshenga, na mkwe kazi yake ni kukaa kwa adabu. Mimi nikaona blanketi ni zawadi ya kila mtu. (Hapo ndipo shetani alipovuta kiti akakaa.)

Awino alikuwa amewahi kuniambia kwamba tangu baba yake afariki, jikoni kwa mama yake kumekuwa kimya, hana hata muziki wa kupikia. Akaishia hapo, macho yamemjaa machozi, nami sikumwuliza zaidi, nikajiambia moyoni kwamba huyu mama nitampelekea muziki mpaka asahau blanketi za wakwe wengine wote. Ningeuliza swali moja tu siku hiyo, hata moja, nisingekuwa na la kuwasimulia leo.

Nyuma ya soko kulikuwa na kibanda cha jamaa mmoja mcheshi aliyeuza simu na redio za mkono wa pili, na siku hiyo alikuwa na spika nyekundu yenye mkanda wa kubebea, inakula sola, ina redio, ina mahali pa kuchomeka kila kitu.

"Hii ni ex-UK, brathe," akaniambia. "Mzungu ametumia Jumapili peke yake."

Akafungua redio, muziki ukatoka mpaka mama aliyeuza omena, wale dagaa wa ziwani, kibanda jirani akatikisa mabega, na mimi nikawa nimekwisha. Kitu kimoja kilinigusa kidogo: mkanda ulikuwa umekatika ukashonwa kwa uzi wa nyavu za samaki. Nikajiuliza Mzungu ameutoa wapi uzi wa nyavu, lakini rumba ilikuwa imenikolea na lile swali likapita zake. Risiti sikuomba, nani anaomba risiti kibandani?

Siku ikafika tukaenda, mimi na wazee wachache wa kwetu, na jagam wetu alikuwa binamu yangu Odongo, mtu ambaye ukimwazima mdomo haurudishi. Spika nilikuwa nimeifunga ndani ya leso mpya kama mtoto, nikaacha nafasi ya kupitisha vidole tu, maana mpango wangu (nauita mpango, msicheke) ulikuwa iimbe ikiwa bado ndani ya leso, watu washangae, halafu mama aifungue. Hata Awino sikumwonyesha.

Walitupokea vizuri sana, viti vina vitambaa vyeupe, kuku ananukia mpaka uani, na mama mkwe amekaa upande wake na wanawake wenzake, mimi sithubutu hata kumtazama usoni. Odongo akasimama, akasafisha koo, akasifu ukoo wetu, akasifu mikono yangu, halafu akafika kwenye zawadi.

"Orwa wenu hapa hakuleta takataka," akasema (orwa ndiyo mkwe wetu). "Hii imetoka Nairobi, mpya, kwa boksi yake! Nailoni nilitoa mimi na hii mikono yangu!"

Nilimkanyaga mguu. Akadhani namshangilia, akaongeza kwamba boksi tumeiacha nyumbani kwa sababu ya ukubwa.

Nikapitisha vidole ndani ya leso, nikawasha redio. Ikalia kama mafuta ya kukaangia. Kumbe kule bondeni, upande wa mbuga ya Ruma, redio hushika kwa mapenzi yake. Nikabonyeza kitufe kingine bila kukijua, kukawa kimya, halafu ndani ya ile leso, pale mezani katikati ya soda, sauti ya mzee ikafoka kwa Kijaluo kwamba nani amefungua hiyo kitu, izimwe sasa hivi, mnamaliza betri na habari bado hazijasomwa!

Wallahi, nyumba nzima iliganda. Shangazi mmoja aliachia sahani. Mwingine alitoka nje bila viatu. Mzee mmoja akasimama na fimbo yake, akasema, "Huyo ni mwenye boma. Mwenye boma amekataa hii ndoa."

Ouma, kaka yake Awino, hakungoja. Aliivuta leso kwa nguvu, spika ikabaki uchi pale mezani, nyekundu, na ule uzi wake.

"Si hii ndio spika yetu? Si hii ndio iliibiwa kwa dirisha tukiwa kanisa? Odongo, Nairobi gani hiyo?"

Nikamtafuta Odongo, mtu aliyezungumza tangu asubuhi bila kunywa maji, kumbe amekumbuka ghafla kwamba anataka choo. Kumbe UK ya yule jamaa wa kibandani ilikuwa Lambwe. Nilimwona Awino mlangoni, mkono umefunika mdomo, na nikajua kabisa kwamba nimempoteza, mbele ya watu wake wote, kwa sababu ya kukataa kununua blanketi. Niliumia, jamani. Nikavunja mwiko, nikasimama na kusema mwenyewe, "Nilinunua Migori, kibandani. Si mpya. Sikujua ni ya wizi, na sikuuliza."

Ouma alikuwa tayari ameshika simu ampigie chifu. Lakini mama akainuka. Aliichukua ile spika akaiweka sikioni, na baada ya kufoka yule mzee alikuwa ameanza kuimba wimbo wa kanisani, taratibu, sauti nzito inayokosea maneno, na nyuma yake unasikia ng'ombe.

"Nyamazeni," mama akasema. "Mniache nimsikie."

Tukamsikiliza mpaka wimbo ukaisha. Ndipo nikaelezwa kwamba yule alikuwa marehemu baba mkwe, kwamba Awino ndiye aliyemrekodi, kwamba simu aliyomrekodia ilitumbukia chooni na sauti ilikuwa imebaki kwenye kikadi kidogo cha kumbukumbu ndani ya spika tu.

"Ouma, weka simu," mama akasema huku anafuta macho kwa ncha ya leso yangu. "Mwizi gani anavaa tai akuletee kitu yako mpaka kwa meza?"

"Lakini mwenye boma amesema wazime," yule mzee akasisitiza.

"Huyo alisema zima maisha yake yote. Hata siku ya harusi yetu aliambia watu wa bendi wazime, wanamaliza mafuta." Akacheka na kulia pamoja. Kisha, bila jagam, akanigeukia. "Ayie," akasema. Nimekubali.

Kesho yake nilikwenda na Ouma Migori kumtafuta yule mcheshi, tukakuta nzi na maboksi matupu, polisi wakaandika maelezo yetu na hadi leo hatujasikia lolote.

Tangu hapo sijanunua hata chaja bila risiti. Na mama mkwe, kila nilipofika kwake, hata kabla ya salamu, alikuwa akisimama mlangoni na kuuliza, "Orwa, leo umetuletea kitu yetu gani?" Nami natoa risiti, yeye anaisoma kwa madaha ilhali miwani hana, watoto wanavunjika mbavu, ndipo naruhusiwa kuingia. Nilikuwa nakasirika kidogo, nakiri. Jikoni ile spika inaimba, na mzee anafoka izimwe.

Mama alitutoka mwaka jana, tukamlaza kando ya mume wake. Juzi nilipita kule nikiwa nimembebea Ouma taa ya sola, mpya, kwa boksi yake kweli. Nilisimama pale mlangoni muda mrefu, mkono mfukoni, nimeshika risiti, nikingoja. Ouma akatoka, akaipokea taa, akanishukuru vizuri sana, akanikaribisha ndani.