Hitilafu Ambayo Sikuiona

Mwanangu, ipo Ijumaa moja ambayo hadi leo sijaisahau. Nilikuwa na miaka kumi na tisa. Wazazi wetu walikuwa wamefariki, nami niliacha shule darasa la tano ili mdogo wangu Zaina apate kula. Nilijifunza ufundi kwa Mzee Rajabu, mwenye gereji hapa Kamembe, na Ijumaa hiyo, kwa mara ya kwanza, aliniachia kazi yote akaenda msikitini.

Maman Neema akaleta pikapu yake mara ya tatu. Alikuwa mfanyabiashara wa Bukavu, akinunua sambaza, wale samaki wadogo wa ziwani, kule Nkanka, na Zaina alisafiri naye kumsaidia kununua na kuuza. Gari lake lilikuwa la aina ile ambayo injini iko chini ya viti. Alilalamika kwamba njiani injini inakata, inakohoa, inashika tena, na siku nyingine haina shida yoyote. Mara mbili za kwanza nilibadilisha buji zinazowasha moto, nikasafisha na delko inayozigawia umeme. Kila mara nililijaribu mpaka njia ya uwanja wa ndege, likaenda vizuri kabisa.

"Hii gari inakuogopa, peti," alinitania; peti kwao ni mdogo. "Ikikuona inanyamaza. Ukiipa mugongo, inaanza kukohoa."

Waliokuwa wakisubiri magari yao wakacheka. Niliona aibu, na chini ya aibu kulikuwa na hofu: Mzee akisikia gari limerudi mara tatu atanifukuza, na sisi tutakula nini? Nikabadilisha bobini, ile inayoipa buji nguvu ya umeme, nikaenda mzunguko wangu peke yangu. Yeye alibaki kwenye benchi na chai yake, maana ndivyo tulivyozoea: mwenye gari hupumzika, fundi hujaribu. Injini haikukosa hata pigo moja.

Ugonjwa wenyewe sikuwa nimeuona, wala chanzo chake. Hata hivyo nikasema, "Maman, imepona." Zaina akapanda kiti cha pembeni yake, wakaondoka kuelekea Nkanka.

Mzee aliporudi nilimweleza, nikijisifu kidogo. Akauliza kama nililisikia likikohoa kwa masikio yangu. Nikasema hapana. Akauliza nani alikaa kwenye kiti cha pembeni ya dereva nilipolijaribu. Nikasema hakuna. Alinitazama, akachukua koleo, akawasha pikipiki yake, akaniambia nipande.

Njia nzima niliwaza jambo moja tu: injini iko pale, petroli iko pale, nyaya zinapita pale, na Zaina amekaa juu yake. Kila kona niliogopa kuitazama. Kwenye mteremko wa tatu niliona moshi kabla ya kuliona gari. Lilikuwa limeegemea ukingo wa barabara, mlango wa upande wa Zaina uko wazi, Maman Neema akirusha udongo ndani kwa mikono miwili. Zaina sikumwona. Niliruka kutoka kwenye pikipiki, nikamwita.

Alikuwa nyuma ya gari, ameketi kwenye majani, kitenge chake kimeungua, ameshika paja.

"Yaya," akasema, kama alivyozoea kuniita mimi mkubwa wake, "ulisema imepona."

Moto ulipozimika, Mzee alisubiri kiti cha Zaina kipoe, akakiinua. Waya wa kwenda kwenye bobini ulipita chini yake, na plastiki yake ilikuwa imelika. Mtu akikaa pale, gari likiruka kwenye shimo, springi ya kiti iliugusa, umeme ukakimbilia kwenye bodi, injini ikakata. Gari zile za zamani waya huo haukuwa na fyuzi. Siku hiyo springi iliugandia, ukawaka. Mimi ningeweza kulijaribu mwaka mzima nikiwa peke yangu, na kiti kile kitupu, nisiione hitilafu hiyo.

"Ungesema hujaiona, tungebaki nayo mpaka tuione," Mzee akaniambia. "Kwa kutojua, sifukuzi mutu. Kwa kusema imepona, leo nilikuwa karibu kukufukuza."

Palepale nilikiri mbele ya Zaina na Maman Neema kwamba nilisema uongo. Maman Neema hakunitania tena. Alifungua kitenge chake cha juu, akamfunga Zaina mguu, wala hakunitazama.

Sasa wewe, mwanangu, umeanza kushika magari ya watu. Hitilafu inayokuja na kuondoka ndiyo ya kuogopwa zaidi, kwa sababu inakuruhusu kujidanganya. Muulize mwenye gari nani alikuwa ndani, mzigo gani, mvua au jua, kupanda au kushuka. Kisha mpandishe, kila mmoja akae anapokaa siku zote, mwende wote. Usirundike vipuri vipya juu ya jambo usilolijua. Na kama hujaiona, sema "Bado sijaiona," hata watu wakicheka, hata kazi ikikuponyoka. Mimi mpaka leo naogopa kila ninapomrudishia mtu ufunguo wake, na sitaki hofu hiyo iniache.

Mungu aipe mikono yako subira, aupe mdomo wako ukweli, na kila atakayepanda gari uliloligusa afike kwao mzima.