Pua ya Muuza Mapipa

Mwalimu wetu wa darasa la tatu aliibiwa karanga, akatupanga mstari akatunusa vinywa mmoja mmoja. Kwangu akasimama. Sikuzila, naapa hadi leo, nilikuwa nimekula muhogo mtupu, lakini pua yake ilishasema. Nikachapwa, nikatoka, na shule ikabaki hukohuko Newala. Ajabu, mimi huyohuyo nikaja kuishi kwa pua miaka thelathini hapa Kariakoo.

Nilikuwa nauza mapipa ya plastiki yaliyotumika. Watu huwekea maji, kwa hiyo kazi ni kujua pipa lilibeba nini: juisi, mafuta ya kula, au dawa ya wadudu wa shambani. Natumbukiza kichwa, navuta, nasema. Mteja hanunui pipa, ananunua neno langu.

Ndipo akaja binti wa chuo, na begi lake na kiburi chake.

"Shikamoo, babu."

"Marahaba. Babu yako yuko kwenu."

Akasema anasomea udaktari. Nikamwonyesha mgongo unaponiuma. Kumbe ni udaktari wa vitabu: anaifundisha kompyuta itambue sumu. Anafuta ndani ya pipa kwa pamba, kifaa kinaimulika pamba, kompyuta inalinganisha na sumu ilizokwisha kuonyeshwa. Alitaka kuishindanisha na pua yangu.

"Na hiyo kompyuta imefika darasa la ngapi?"

Wapagazi wakacheka. Nikamruhusu kwa ubishi tu. Nikataja kila pipa lilibeba nini, akaandika, akafuta, akaenda na pamba zake.

Hapa niseme kweli. Pua yangu ilikuwa imekufa tangu masika ya mwaka uliotangulia. Alijua mke wangu peke yake, maana maharage yaliungua nami nimekaa ubavuni mwa jiko. Tangu siku ile nilibahatisha kwa macho, na kichwa nilikitumbukiza ili nionekane.

Wiki mbili zikapita. Aliporudi hakuniamkia.

"Lile pipa la buluu ulisema mafuta ya kula. Kompyuta ikakataa. Nikadhani imekosea, nikapeleka pamba maabara. Ni dawa ya wadudu. Liko wapi?"

Lilikuwa ng'ambo ya barabara, kwa mama ntilie. Alilinunua jana yake.

"Mashine yako ina chuki na mimi," nikamwambia.

Akafungua kichupa, akakileta puani kwangu. "Hiki nini?"

"Maji."

Mpagazi mmoja akasema polepole, "Mzee, mafuta ya taa hayo. Mimi huku nayasikia."

Nilimchukia binti yule, na sijaacha. Nikavuka barabara, nikalisukuma pipa, maji yakatapakaa hadi kwenye mafiga.

"We mzee, umerukwa na akili?" mama ntilie akafoka. "Ndiyo kwanza nawasha moto."

"Hujapikia?"

"Nimepikia saa ngapi?"

"Lina sumu. Nililinusa vibaya."

Akaniangalia, mwiko mkononi. "Na mengine uliyanusaje?"

Binti alikuwa ameshatufuata, daftari wazi, anangoja majina. Nikamtajia wateja niliowakumbuka. Hawakujaza hata ukurasa.

"Na wengine, babu?"

Nikapita katikati ya mikokoteni, nikashuka Jangwani kwa miguu. Kofia yangu niliiacha juu ya pipa pale nilipouzia, na sikurudi kuichukua.