Bahasha Arobaini na Moja

Niliyavunja makanisa arobaini na moja kwa asubuhi moja, tena kwa nia njema.

Tulikuwa tunahama Riyadh kwenda Jeddah. Madam alikuwa amepata kazi huko, na babake, mzee mjane aliyeishi nasi, alikuwa mzaliwa wa Jeddah na hakuwahi kuisamehe Riyadh kwa kukosa bahari. Sote tulimwita Baba. Mimi nilikuwa katika mwaka wangu wa pili wa kazi za nyumba. Vitu vya chumbani mwake nilivifungasha mwisho, kwa sababu hakupenda viguswe.

Kabatini mwake mlikuwa na makopo matatu ya biskuti, ndani ya makopo bahasha kuukuu, na ndani ya kila bahasha picha za kanisa moja. Ujanani Baba alisomea uhandisi Uingereza. Mwalimu wake alimtuma kwenye jimbo la mashambani akapime kuta za makanisa ya parokia, kila kijiji na lake, yaliyojengwa kwa mawe na chokaa zaidi ya miaka mia sita iliyopita. Kisha akarudi kwao, akamaliza maisha yake ya kazi akikarabati nyumba za mawe ya matumbawe kule Balad, mji mkongwe wa Jeddah. Alikuwa akisema kuta za huku na za kule zinauawa na ugonjwa mmoja, nao ni saruji.

Mimi ni mtoto wa Kianglikana. Mama yangu alikuwa na zamu ya kufagia kanisa kila Jumamosi. Tangu nifike Riyadh sikuwa nimeona kanisa hata moja, isipokuwa hayo ya kwenye makopo ya biskuti. Nikakaa sakafuni nikayatazama yote. Halafu nikayapanga kama ninavyopanga droo ya jikoni, vijiko na vijiko, uma na uma. Milango pamoja, minara pamoja, mabirika ya ubatizo pamoja, madhabahu pamoja, makaburi pamoja. Bahasha zilikuwa zimechanika na kunuka vumbi, nikazitupa. Maandishi ya penseli juu ya bahasha niliyaona, lakini yalikuwa ya Kiarabu, na Kiarabu mimi nakisikia tu, sikisomi. Nyuma ya picha zenyewe hapakuwa na neno. Nikafunga makopo, nikajiona mfanyakazi hodari.

Wiki mbili baada ya kufika Jeddah Baba alifungua kopo la kwanza akakuta milango arobaini na moja. Aliigeuza mmoja mmoja. Kisha akamuuliza madam bahasha ziko wapi, naye madam akaniuliza mimi.

Likizo yangu ilikuwa imebaki miezi miwili. Karatasi ya kutoka nchini na kurudi inaombwa na kafili, yaani mdhamini wako, na kafili wangu alikuwa mume wa madam. Nikasema, "Mafi, madam, hakuna. Sikuona bahasha."

Madam akamwambia babake kwa upole kwamba labda alizitoa yeye mwenyewe, akazipanga picha upya, akasahau. Baba alifikiri. Akasema huenda.

Hiyo huenda iliniuma kuliko kama angenipiga kofi.

Kuanzia hapo kila kitu chake kilihesabiwa. Akiacha birika jikoni likichemka, ilikuwa dalili. Akimwita jirani kwa jina la marehemu kaka yake, ilikuwa dalili. Walipompeleka kwa daktari nilikwenda nao kumshika mkono. Daktari akauliza ilianza lini, madam akajibu, kwenye bahasha. Niliangalia viatu vyangu. Jioni hiyo funguo za gari zikachukuliwa. Baba alikuwa na desturi ya kuendesha kila asubuhi hadi Balad, akala ful, yale maharage yao ya asubuhi, akazitazama kuta zake moja moja. Sasa alishinda nyumbani na mimi.

Mlinzi wa geti la jirani, Mkenya mwenzangu aliyelala mtaa wa Hindawiyah, ndiye pekee niliyemweleza. Akanishauri Kikristo. "Dada, nyamaza kwanza. Karatasi ikitoka ndio uokoke."

Kwa hiyo nilinyamaza, na kila siku baada ya alasiri Baba na mimi tuliyajenga makanisa upya kwenye meza ya chakula. Tulielewana kwa Kiarabu changu cha jikoni na Kiingereza chake cha zamani. Yeye alitafuta kwa mawe. Mimi nilitafuta kwa uchafu. Kanisa moja lilikuwa na mtu aliyeng'arisha vinara vya shaba lakini hakuwahi kufagia chini ya mimbari. Jingine lilikuwa na mtu wa kusahau ndoo ileile yenye tambara lilelile, mara nyuma ya birika la ubatizo, mara kwenye kizingiti. Mwingine aliacha maua yakauke chupani, na mama yangu angemsema mbele ya askofu. Baba alishangaa. Akaniuliza haya nimeyasomea wapi. Nikamwambia, Jumamosi.

Wiki ya sita makanisa ishirini na tisa yalikuwa yamepata milango yake. Ningefurahi, lakini kila siku kabla hatujaanza Baba aliniomba radhi. Nisamehe, binti yangu, aliniambia, nimeharibu vitu na kukuongezea kazi. Nami nilimjibu hakuna shida.

Njia ya mwongo ni fupi, wanasema. Yangu iliishia kwenye picha ya makaburi. Baba aliishika, akaniuliza bila kuniangalia kama mtu akiondokwa na akili anajua.

"Baba," nikasema, "bahasha nilizitupa mimi. Kule Riyadh. Nilidhani ni takataka."

Aliiweka picha chini. "Wewe?"

"Mimi."

"Si mimi?"

"Si wewe."

Nikangoja hasira. Badala yake alicheka, akacheka hadi akavua miwani akaifuta kwa ncha ya kanzu. Akamwita madam, akamweleza kila kitu kama mtu aliyeshinda kesi, akadai funguo zake. Madam alinitazama, na sitasahau alivyonitazama. Akasema funguo atampa kesho, na kwamba mimi na yeye tutaongea. Chakula cha jioni Baba alikula sahani mbili za wali. Mimi sikuweza kula, nilikuwa na furaha na aibu kwa pamoja.

Kesho yake baada ya alasiri Baba alifungua kopo, akatoa mlango mmoja, akaugeuza nyuma.

"Nisamehe, binti yangu," akasema. "Sijui zile bahasha niliziweka wapi."

Madam alikuwa amesimama mlangoni na funguo za gari mkononi. Tukatazamana. Akazirudisha kwenye mkoba wake taratibu, zisilie.

"Baba," nikasema, "bahasha nilizitupa mimi. Kule Riyadh."

"Wewe? Si mimi?"

"Si wewe."

Akacheka, akavua miwani akaifuta.

Madam hakunifukuza, wala hatukuongea tena habari hiyo. Karatasi yangu ilitoka kwa wakati, nikaomba isogezwe mbele hadi tumalize. Yalikuwa yamebaki makanisa kumi na mawili. Kila siku kabla ya kuanza nilikiri, na kila siku alifurahi upya.